Gari Lililomkimbiza Mwanaidi

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi, Bi Fatuma,

Shikamoo Mama. Naitoa shikamoo hii nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya gari la tajiri, basi ipokee hata kama inanuka dizeli. Goti lako vipi? Na kifua? Mpunga umechipua vizuri, au nguruwe wamewahi shambani kuliko nyinyi? Mimi mwili mzima, chakula kinapita, sina pa kumwonyesha daktari. Moyo ndio haujatulia tangu siku ile nilipokuja huko Nyamisati, na barua hii yote ni ya huo moyo.

Zainabu, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji, kwa hiyo nianze na wewe. Msomee Mama peke yake. Mwanaidi asiwepo. Kuna karatasi ndogo nimeikunja mbali, hiyo ni ya wifi yako, utamsomea yeye, Mama akishasikia haya yote na kukubali. Na usiruke maneno, kama ulivyofanya na barua ya Idi, uliposoma salamu ukayameza yote niliyoandika juu ya uvivu wako wa kuchota maji. Nilikuja kujua.

Mama, najua umesikia mengi juu ya gari lile. Kila mtu ana lake la kusema. Mimi nataka usikie kwa mwanao, kitu kimoja kimoja, nini kilifungwa na kwa nini kilifungwa, halafu uamue mwenyewe.

Siku hizi za ruksa kila mwenye uwezo analeta gari lake kutoka ng'ambo, na tajiri wangu naye kaleta lake, shangingi jeupe, refu, ukikaa ndani unaona vichwa vya watu kwa juu. Anataka kununua kamba wa baharini hapo Nyamisati awauzie watu wa mahoteli. Aliambiwa kwamba njia ya kutoka barabara kuu mpaka pwani inameza magari wakati wa masika. Akaniita. "Hamisi, kwenu ndiko. Tukikwama utakayeshuka matopeni ni wewe, siyo mimi. Twende ukachague vya kufunga."

Tukaenda mtaa wa Gerezani, kwenye duka la vikorombwezo vya magari. Mama, ungeingia mle ungedhani ni duka la harusi. Vitu vinameremeta toka chini mpaka darini. Tajiri akashika redio yenye maspika makubwa. Akashika mapazia ya vioo, na kifuniko cha usukani cha manyoya. Mimi nikaenda kusimama kwenye winchi.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Winchi, tajiri. Inakaa mbele ya gari. Ina waya wa chuma, unaufunga kwenye mti, gari linajivuta lenyewe kutoka kwenye tope."

"Yaani mimi ninunue gari la kunivuta, halafu ninunue tena kitu cha kulivuta gari?"

Muuza duka alicheka mpaka akakaa. Lakini sikucheka, na tajiri akaona kwamba sicheki. Akaniuliza kulikoni, na pale pale mbele ya yule muuzaji nikamweleza habari ya mimba ya kwanza ya Mwanaidi.

Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukukumbusha, lakini nakumbusha kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Lori la boriti, Mwanaidi kalazwa juu ya zile boriti kwenye mkeka anatoka damu, wewe umekishika kichwa chake. Tulipofika lile bonde la mikwajuni lori likazama. Tulikata matawi, tukasukuma, tukachimba kwa mikono, lori likawa linakaa tu. Lilipokuja kutoka hakukuwa tena na haraka ya kufika. Na uliposhuka uliniambia neno ambalo sijalisahau: "Huyu akishika mimba nyingine, mikono yangu haitoshi. Umpeleke hospitali mapema." Wewe, mkunga, uliyewapokea nusu ya watu wa hapo kijijini, umesema mikono yako haitoshi. Nani angebisha?

Kwa hiyo Mama, gari lile nililichagulia vitu nikimfikiria Mwanaidi. Tajiri aliijua sehemu tu. Winchi ni ya lile bonde, na zile taa kubwa za juu ni za kulipita usiku. Lile bomba jeusi lililosimama pembeni ya kioo cha mbele ni pua ya gari, injini inavutia hewa juu ili maji yakijaa bondeni isinywe maji ikafa. Kile kidato chini ya mlango nilikichagua kwa sababu gari ni refu, na mjamzito hawezi kunyanyua mguu mpaka kule. Kiti cha nyuma kinacholala chini kikawa kitanda, nilimwambia tajiri ni cha kuwekea mizigo. Mshikio ulio juu ya mlango wa mbele niliupima kwa mkono wako wewe, nikiinama kidogo niwe na urefu wako, watu wa dukani wakawa wananishangaa. Hivyo ndivyo vyangu. Tajiri naye akachagua vyake viwili. Zile karatasi nyeusi za kubandika kwenye vioo, wenyewe wanaziita tinti, kwa ajili ya jua. Na jokofu dogo la nyuma, linalotumia umeme wa gari, la kupozea vinywaji njiani. Nikasema ndiyo, tajiri, vizuri sana. Kama amekubali winchi, mimi nani nimkatalie maji baridi?

Tulivyotoka pale gari lilikuwa limetimia. Nilijiona bwana harusi. Hakuna mlima wala mto ambao ungenitisha.

Sasa siku yenyewe. Tulipoingia Nyamisati watoto hawakulikimbilia gari kama wanavyolikimbilia lori la boriti. Walitukimbia. Nikamwambia tajiri ni haya tu, watoto wa huku hawajazoea. Tajiri akashuka, akaenda na mwenyekiti bandarini kutazama kamba. Mkaja wewe na Mwanaidi, yeye tumbo limetangulia, na nyuma yenu wanawake wawili watatu. Nilifurahi, Mama. Nilitaka aone. Nikamwonyesha kidato, akakitazama tu asikikanyage. Nikamwonyesha kiti kinavyolala. Halafu, kwa kujidai kwangu, nikafungua jokofu.

Mle mlikuwa na sharubati ya tajiri. Nyekundu. Imo kwenye chupa za kioo, zimepangwa, zinatoka moshi wa baridi. Nikachomoa moja nikamnyooshea mke wangu. "Kunywa upoe," nikasema.

Yule muuza mihogo aliyekuwa nyuma yako ndiye aliyepiga ukelele. "Damu! Jamani, hino damu ya watu, waiweka kwenye machupa! Mumiani hao!"

Chupa iliniponyoka ikapasukia miguuni. Shati langu jeupe likajaa wekundu, na hapo nani angeamini ni sharubati?

Mama, kila nilichokichagua kwa mapenzi kikageuka kuwa shahidi dhidi yangu. Bomba, wakasema, ndilo la kunyonyea damu. Waya wa winchi ni wa kufungia watu. Kiti ndipo wanapolazwa. Vioo vimetiwa weusi ili anayekufa ndani asionekane. Niliposikia yakipangwa hivyo, moja baada ya jingine, hata mimi nusura niamini, kwa maana yalipangika. Ningekuwa nimesimama upande ule ningelikimbia gari lile kabla ya wote. Si wewe uliyenilea kwa hao mumiani? Nikichelewa kisimani, mumiani. Nikikataa kulala, mumiani anapita na gari lake. Nimekua nikijua kabisa kwamba wanyonya damu wapo na wanakuja na magari mazuri. Siwezi kuwalaumu watu kwa kuamini nilichoamini mwenyewe.

Jiwe la kwanza lilipiga mlango. Nikaona mapanga ya kukatia boriti. Nikaingia ndani nikafunga milango. Mwanaidi alisogea mpaka kiooni, akachungulia, halafu akarudi nyuma mkono mdomoni, akakimbia na tumbo lake lile. Ndipo mwenyekiti akaja mbio kutoka bandarini na tajiri, akasimama mbele ya gari kainua mikono. "Nyie! Huyu si mwana wa Bi Fatuma? Mshamsahau?"

Na sauti moja ikamjibu, sikuijua ni ya nani: "Mwana wa Bi Fatuma ndo wamtumao! Mgeni angejuaje nyumba zenye waja wazito?"

Watu wakanyamaza. Na wewe Mama ulinyamaza. Tajiri aliingia, nikaondoa gari, nikakutazama kwenye kioo cha pembeni mpaka njia ilipokata kona, na ulikuwa umesimama pale pale hujasema neno. Jiwe lilinitisha. Mapanga yalinitisha. Kimya chako ndicho nilichorudi nacho Dar es Salaam.

Sasa Bakari, huyu dereva wa lori la boriti anayekuletea barua, ameniletea habari mbili. Ya kwanza, vijana wameapa kwamba gari lile likirudi litachomwa. Ya pili, Mwanaidi anafunga vitu vyake aende kwao Kiongoroni, akajifungulie kwa mama yake. Mama, Kiongoroni! Hakuna gari linalofika Kiongoroni hata liwe na winchi kumi. Akianza kutoka damu kule, mpaka mashua ipatikane, mpaka maji yajae kwenye vijito, mpaka wafike hapo Nyamisati, halafu njia, halafu bonde. Najua itakavyokuwa. Nimeshaiona mara moja.

Na mvua imeanza. Huku imenyesha wiki nzima. Bakari anasema bondeni maji yameshafika kwenye ekseli za lori.

Naogopa, Mama. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Juzi nimeangusha ufunguo mbele ya tajiri nikashindwa kuuokota. Akaniuliza, nikamwambia yote. Yeye naye anaogopa, usidhani ni simba. Akasema tutakwenda safari moja tu, mwezi ukishaandama, akawalipe watu kamba alioahidi kuwanunua siku ile, na likirushwa jiwe tena anahamishia biashara Kilwa na hatatia mguu huko. Halafu akasema, "Mkeo akikubali kupanda, mpeleke hospitali na gari hili. Mimi nitakaa nyuma na ndoo za kamba." Ni mtu mwema, na njia ni hiyo moja.

Kwa hiyo nimelivua gari nguo. Zile karatasi nyeusi nimezibandua zote, kwa wembe na maji ya moto, kucha zimeniisha, sasa ukisimama nje unaniona mpaka kwenye pedali. Jokofu nimelishusha limebaki kwa tajiri, na sharubati yake atainywa kwake. Taa kubwa za juu nimezing'oa. Fundi ananiuliza kama nimerogwa, jana tumefunga na leo tunafungua.

Viwili sikuweza. Bomba na winchi. Nimesimama mbele ya gari siku mbili nikijishauri. Nikiviondoa, watu watatulia na bonde litatuua. Nikiviacha, bonde tutalivuka kama watu watatuacha tufike bondeni. Nimeviacha. Tafadhali waeleze kwa namna yako: bomba ni kama mtu anayevuka mto mkubwa, anainua pua juu ya maji, basi. Na winchi ni ile kazi mnayoiona kila siku hapo bandarini, wanaume wakiivuta mashua nchi kavu kwa kamba. Tofauti ni kwamba haina nyimbo.

Lakini najua kueleza hakutoshi. Maneno niliyokuwa nayo siku ile yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililosikika. Hivyo sikuombi useme. Nakuomba ukae.

Nitakapokuja sitaenda mpaka bandarini. Nitasimama pale msikitini, mchana, baada ya watu kutoka kuswali. Nitazima gari, nitafungua milango yote na boneti, nitashuka nikae chini mbali nalo. Wewe uje na ile kanga yako ya pindo jekundu ambayo kila mtu anaijua. Kanyaga kidato, shika mshikio, kaa kiti cha mbele, kioo kiwe chini. Ukae tu hapo watu wakuone. Yule anayetaka kurusha jiwe, amrushie aliyemkata kitovu.

Najua ninachokuomba, Mama. Mtu anaweza kurusha hata hivyo. Kundi la watu halina mama. Nikiliwaza hilo nataka kuichana barua hii, halafu namwona Mwanaidi juu ya zile boriti na naendelea kuandika.

Na kama na wewe una shaka nami, na hilo ndilo lililokuziba mdomo siku ile, sitakasirika. Uliniona shati limejaa wekundu. Basi njoo kwanza peke yako ulikague. Fungua kila kitu. Inama uchungulie mpaka uvunguni, goti likikubali. Ila usininyamazie tena. Mpe Bakari neno moja, ndiyo au hapana, akinipa hapana sitauliza kwa nini.

Na Mwanaidi mzuie asipande mashua. Mwambie umeota, mwambie goti limezidi, mwambie chochote. Wewe ukiamua kumzuia mtu hajapatikana wa kupita.

Nisalimie mwenyekiti, aliyesimama mbele ya gari wakati mimi nimejifungia ndani, mwambie sijapata shukrani ya ukubwa wake. Msalimie mwalimu wa madrasa, na umwombe awepo siku hiyo atusomee dua hapo hapo mbele za watu, na kama ataona kuna hirizi ya kufunga kwenye gari, aifunge, tajiri hatasema kitu. Shangazi wa Kibiti, aliye karibu na hospitali, Bakari atampitia, amtayarishie Mwanaidi pa kulala mpaka siku zitimie. Yule muuza mihogo naye msalimie. Sina kinyongo naye. Aliona alichokiona.

Zainabu, sasa vuta pumzi. Mtazame Mama usoni. Akikubali, ndipo umwite wifi yako umsomee hii karatasi ndogo. Asipokubali, itie motoni.

*

Mwanaidi, mke wangu,

Humu nimekutilia kipande cha ile karatasi nyeusi niliyoibandua kwenye vioo. Usikiogope, ni plastiki. Kiweke jichoni utazame nje. Unaona? Jua limefifia lakini minazi unaiona, kuku unawaona, hata Zainabu na mdomo wake. Sasa kifunike kwenye mdomo wa mtungi, uchungulie ndani. Huoni kitu isipokuwa uso wako mwenyewe.

Siku ile mimi nilikuwa mle mtungini. Ulipokuja kiooni nilikuwa naita jina lako, nimeweka kiganja pale pale uso wako ulipokuwa. Nilikuona mpaka jasho la juu ya mdomo. Wewe ulijiona mwenyewe, ukaiona hofu yako, ukakimbia. Kushusha kioo kulikuwa kazi ya kidole kimoja, Mwanaidi, na sikukishusha, kwa sababu niliogopa mawe.

Safari hii hakuna kioo cheusi, na nilichobaki nacho kikishuka hakitapandishwa. Mama akishakaa mbele, njoo unitazame mpaka uridhike. Ufunguo utaushika wewe. Ukiniona mimi ni yule yule, nipe, tuondoke. Usiponiona, ubaki nao, na mimi nitashuka nikae nawe hapo hapo, mvua inyeshe.

Mumeo, na mwanao Mama, na kaka yako Zainabu,

Hamisi